Kuhamisha au Kunakili? Uhakiki wa Istilahi za Kupeleka Mafaili Kutoka Kompyuta Moja Hadi Nyingine

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, kazi ya kuunda istilahi nchini imekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya kutafuta majina. Kila kitu kigeni kilipoingia, swali la kwanza lilikuwa: kitaitwaje? Jambo hili lina sababu zake. Kitu huonekana, hushikwa na hununuliwa, na asiyekuwa na jina lake hukwama tangu mlangoni. Lakini mwenye chombo hatosheki na jina la chombo. Hutaka pia kuambiwa akitumieje, na hapo ndipo vitenzi vinapohitajika.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi za kazi moja ndogo, ambayo siku hizi hufanywa na mwalimu, karani na ofisa yeyote aliyepata mashine mpya: kuyapeleka mafaili yake kutoka kompyuta mpakato ya zamani hadi nyingine. Kazi hii imeongezeka kwa sababu iliyo wazi. Kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazina sifa za kupokea mfumo uliofuata. Ofisi hubadilisha mashine, na kila mashine inayobadilishwa ina maandalio ya masomo, alama za wanafunzi, rasimu za barua na picha za familia.

Tuchukue sentensi ya mfano, iliyotungwa kwa kufuata mtindo wa maelekezo ambayo watumishi hupewa siku kama hiyo: "Hamisha mafaili yako binafsi kwenye kompyuta mpya, kisha futa ya zamani." Kisarufi sentensi haina dosari, na kila neno lake ni la Kiswahili kinachokubalika. Hata hivyo, karibu kila neno lake lina mtego. Tutayachambua moja baada ya jingine, kisha tutoe mapendekezo.

Majina ya chombo

Kuhusu jina la chombo chenyewe hatuna sababu ya kukawia. Tanzania husema kompyuta, na nchini Kenya neno tarakilishi limeenea mashuleni na katika vyombo vya habari. Ile ya kupakatwa huitwa kompyuta mpakato au kipakatalishi, na mitaani husikika laptopu. Wasemaji wa maneno haya yote huelewana, na hakuna aliyepoteza waraka kwa kusema tarakilishi mahali pa kompyuta. Hata neno kishikwambi, lililokuwa geni kwa wengi, lilitulia vinywani mwa watu baada ya vyombo hivyo kutumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na kisha kukabidhiwa walimu. Kitu kikienea, jina lake nalo huenea. Kitenzi hakina bahati hiyo, kwa kuwa tendo haliuzwi dukani. Mtu hulijua tendo kwa matokeo yake, na matokeo yakiwa mabaya huwa amekwisha kuchelewa.

Faili lililogeuka

Katika masjala, faili au jalada ni chombo cha kutilia. Ndani yake hupangwa barua kwa namba, na karani akiambiwa alete faili fulani huleta mkusanyo mzima. Katika kompyuta mambo yamegeuka. Faili ni kitu kimoja tu: barua moja, picha moja, jedwali moja la alama. Kinachotiliwa mafaili ndicho kiitwacho folda au kabrasha. Kwa maneno mengine, faili la masjala ni sawa na folda ya kompyuta, na faili la kompyuta ni sawa na barua moja iliyomo katika faili la masjala. Mkorogo huu ulianzia katika Kiingereza, nasi tuliurithi pamoja na neno.

Madhara yake si ya kubuni. Karani mwenye miaka ishirini ya masjala akisoma "nakili faili lako la mitihani" ataelewa kwamba anaambiwa kuchukua kila kitu kihusucho mitihani. Akichagua faili moja lenye jina la mitihani na kulinakili, atakuwa ameacha mengine yote nyuma, naye ataondoka akiamini kwamba ametii.

Neno kabrasha lina sifa yake hapa. Makabrasha ya mkutano ni hati nyingi zilizofungwa pamoja, na kwa hiyo dhana ya vingi ndani ya kimoja imo tayari katika neno. Folda ni neno la mkopo, lisilomwambia chochote asiyejua Kiingereza. Hata hivyo limeenea, na mwenye kufundisha hawezi kujifanya haliko. Hatuoni haja ya kupigania moja dhidi ya jingine. Inatosha kusema kwamba panapokusudiwa folda au kabrasha, pasisemwe faili.

Binafsi kwa maana ipi?

Mtego wa pili ni neno binafsi. Katika utumishi wa umma, faili binafsi au jalada binafsi ni lile lenye barua za ajira, za kuthibitishwa kazini na za kupandishwa cheo. Faili hilo linamhusu mtumishi, lakini si mali yake, wala hana ruhusa ya kulichukua nyumbani. Katika kompyuta, mafaili binafsi ni yale ambayo ni mali ya mtu mwenyewe: barua zake, picha zake, mashairi yake. Neno ni lile lile, bali katika matumizi ya kwanza linajibu swali "linamhusu nani?" na katika ya pili linajibu swali "ni la nani?"

Sasa limeongezeka tumizi la tatu lenye nguvu ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hutumia neno binafsi kwa habari zinazomtambulisha mtu, awe nani anayezishika. Fikiria basi kompyuta ya mwalimu mkuu. Picha za harusi yake ni mafaili yake binafsi. Orodha ya wanafunzi yenye tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi ina taarifa binafsi, lakini si taarifa zake, na faili lenyewe si lake bali ni la shule. Akiambiwa achukue "mafaili yake binafsi tu", aiache orodha au aichukue? Akiiacha katika mashine itakayopelekwa kwa mwingine, ameziacha wazi habari za watoto wa watu. Akiichukua nyumbani, amechukua kisicho chake. Maelekezo yanayotumia neno binafsi bila kuongeza lolote yamemwachia mwalimu uamuzi ambao ulipaswa kufanywa na mwandishi wa maelekezo.

Kitenzi hamisha

Tumefika kwenye kiini cha uhakiki huu. Kitenzi hama kina maana inayojulikana na kila msemaji: kuondoka mahali na kwenda kukaa pengine. Aliyehama hayupo tena alikotoka. Hamisha ni kumfanya mtu au kitu kihame, na mtumishi akipata uhamisho, nafasi yake katika kituo cha zamani hubaki wazi. Wazo la kuacha utupu nyuma ndiyo maana yenyewe ya neno.

Kitenzi nakili kina historia ya kuvutia. Katika Kiarabu, shina lililotupa neno hili hubeba maana zote mbili: kuondoa kitu mahali na kukipeleka kwingine, na pia kuandika mfano wa maandishi. Kiswahili kilipolipokea, kiliiacha maana ya kwanza kwa vitenzi vingine na kubaki na ya pili. Nakili ni kutoa mfano, na nakala ni mfano uliotolewa, nao uliotangulia hubaki ulipo. Kwa hiyo jambo hili Kiswahili kimeligawa kwa usafi kuliko lugha kilikokopa. Ni ajabu kwamba sisi tulioachiwa mgawanyo huo ndio tunaouvuruga.

Mashine nayo ina mgawanyo huo huo, tena wa tangu zamani. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, wa mwaka 1971, ulikwisha kuwa na amri mbili tofauti, moja ya kunakili na moja ya kuhamisha. Tofauti iliyopo ni ya utendaji. Faili likihamishwa ndani ya diski ile ile, kwa kawaida maandishi yake hayaguswi. Hubadilishwa orodha tu inayoonyesha mahali lilipo. Likitoka diski moja kwenda nyingine, mashine haiwezi kulinyanyua na kulitua kama mpagazi anyanyuavyo kasha. Hulisoma, huliandika upya upande wa pili, na ikiwa imeamriwa kuhamisha, hulifuta la kwanza.

Kutokana na hayo, mtu anayetumia Windows na kuliburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine katika diski moja huwa amelihamisha. Akiliburuta kwa mkono ule ule hadi kwenye flashi, huwa amelinakili. Kitenzi buruta, ambacho ni kizuri kwa kueleza mwendo wa mkono, hakimwambii ni lipi kati ya hayo mawili limetokea. Programu ya kampuni ya Apple ya kupeleka vitu kutoka Mac ya zamani hadi mpya ina neno la uhamaji katika jina lake la Kiingereza, lakini tendo lake ni kunakili, na mashine ya zamani hubaki na vyake vyote. Tena katika baadhi ya violesura vya Kiswahili, kitenzi hamisha hutumika pia kwa tendo la kutoa nakala ya anwani au ya majedwali ili itumike katika programu nyingine. Hapo hakuna kinachohama hata kidogo.

Makosa yatokanayo na hali hii ni ya aina mbili. Aliyeambiwa "hamisha", naye kwa kweli amenakili, huamini kwamba mashine ya zamani imebaki tupu. Huiuza au huikabidhi, na ndani yake mna barua zake zote na alama za darasa zima. Kwa upande mwingine, yule aliyezoea kwamba "hamisha" huacha vitu nyuma, akitumia amri ya kuhamisha ya kweli na flashi yake ikapotea njiani, hana pa kurudi. Wa kwanza amewafunulia wengine yasiyowahusu. Wa pili amepoteza kazi ya miaka. Wote wawili walifuata neno.

Itasemwa kwamba vitenzi pakia na pakua navyo ni sitiari za kuondoa kitu mahali, na hakuna aliyedhurika. Ni kweli kwamba chakula kikipakuliwa chungu hupungua, na faili likipakuliwa kutoka mtandaoni kule halipungui. Lakini aliyepakua hana mamlaka juu ya chungu chenyewe, wala hafikirii kukiosha. Mwenye kompyuta mbili ndiye mwenye chungu na sahani, na neno alilopewa ndilo litakaloamua kama ataosha chungu kabla hajatazama sahani.

Kunakili na kulandanisha

Siku hizi wengi hawatumii flashi. Huyaweka mafaili katika huduma ya mtandaoni, ambayo huyafanya yaonekane katika mashine zote mbili. Tendo hili limepewa majina kadhaa: sawazisha, linganisha na landanisha. Linganisha tunalikataa bila kusita, kwa kuwa maana yake ni kuvitazama vitu viwili ili kuona tofauti zake. Sawazisha linafaa zaidi, lakini maana zake ni nyingi mno, kuanzia kiwanja hadi bao la mpira.

Landanisha ndilo tunaloliunga mkono, na sababu imo katika umbo lake. Landana ina kiambishi cha kutendana: hiki kinafanana na kile, na kile na hiki. Hapana asili na mfano, bali pande mbili zinazofuatana daima. Hiyo ndiyo tabia ya tendo lenyewe, na ndiyo hatari yake. Faili likifutwa upande mmoja, upande wa pili nao hulifuta. Huduma kama OneDrive huliweka lililofutwa katika kapu kwa siku 30 kwa akaunti za watu binafsi, na baada ya hapo halipatikani tena. Mtu aliyeambiwa kwamba mafaili yake "yamehifadhiwa" mtandaoni, kisha akayafuta katika mashine ya zamani ili aikabidhi ikiwa safi, huenda akayakuta yametoweka katika ile mpya. Angaliambiwa kwamba yamelandanishwa, na akafundishwa maana ya kulandana, angaliiondoa kwanza mashine ya zamani katika akaunti yake.

Kitenzi hifadhi, kwa hakika, kinahitaji uhakiki wake peke yake. Kwa sasa hubeba maana ya kuliandika faili katika diski, ya kuweka nakala ya akiba, na pia ni jina la huduma: Hifadhi ya Google. Kwa nakala inayowekwa kando kwa tahadhari, baadhi ya watafsiri wametumia chelezo, neno la pwani la kitu kielezwacho majini kama boya. Sitiari hii ni nzuri, na yeyote aliyewahi kusafiri kwa chombo ataipenda. Lakini mwalimu wa Tabora au Rukwa atahitaji maelezo kabla ya kuitumia. Nakala ya akiba haihitaji maelezo. Wahenga walisema akiba haiozi. Diski, kwa bahati mbaya, huoza, na ndiyo sababu ya kutaka nakala hiyo iwe katika chombo cha tatu.

Njia ya mkato

Katika uso wa kompyuta huwa na vialama vidogo ambavyo mtu akivibonyeza faili hufunguka, ilhali faili lenyewe liko pengine. Vialama hivyo huitwa njia za mkato, kwa kutafsiri neno kwa neno. Tafsiri inaeleweka mpaka siku ya kupeleka mafaili. Siku hiyo watu wengi hukusanya kila wanachokiona usoni mwa kompyuta na kukinakili, kisha hukuta katika mashine mpya kialama kisichofungua chochote. Aliyenakili njia ya mkato amechukua kibao kinachoonyesha nyumba, na nyumba ameiacha.

Kosa hapa ni la sitiari. Njia humfikisha mtu, na mwenye njia hutarajia kufika. Tunapendekeza kielekezi, ambalo humkumbusha mtumiaji kwamba kilichopo mbele yake huelekeza tu. Tunakiri kwamba njia ya mkato imezoeleka, na huenda isitoke. Isipotoka, basi maelekezo yaseme wazi kwamba njia ya mkato si faili.

Futa

Neno la mwisho katika sentensi yetu ya mfano ni futa. Mwalimu akifuta ubao, maandishi yamekwisha. Kompyuta ikifuta faili, kwanza hulitia kapuni. Kapu likimwagwa, mara nyingi huondolewa katika orodha tu, na maandishi yake hubaki katika diski mpaka yaandikwe mengine juu yake. Mwenye programu ya kufufua mafaili anaweza kuyasoma. Masjala zetu zina neno la tendo lisilo na marejeo: majalada yasiyohitajika tena huteketezwa, kwa utaratibu maalumu. Neno teketeza lastahili kuingia katika lugha ya kompyuta kwa maana hiyo hiyo, ili futa ibaki na maana ya kuondoa machoni.

Tena sentensi yetu husema "futa ya zamani". Ya zamani ni nini? Upatanisho wa ngeli hautusaidii, kwa kuwa mafaili huchukua "ya" na kompyuta nayo huchukua "ya". Msomaji mmoja atafuta mafaili ya zamani katika mashine mpya, na mwingine atafuta mashine ya zamani nzima. Sarufi inawaruhusu wote wawili.

Mapendekezo

Wapo watakaosema kwamba watumiaji hujifunza kwa mazoea, na kwamba hata Kiingereza hulegeza maneno yake katika jambo hili. Hoja ya kwanza ni kweli kwa kijana aliyekulia na mashine. Si kweli kwa yule anayeongozwa na karatasi ya maelekezo peke yake, naye ndiye tunayemwandikia. Hoja ya pili haitufungi. Ulegevu wa lugha nyingine si sababu ya kuuiga, hasa mahali ambapo lugha yetu ina maneno yaliyo wazi zaidi. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Nakili itumike kila pahali ambapo asili hubaki. Hamisha itumike pale tu ambapo asili huondolewa. Kwa kazi nzima, bila kutaja njia yake, itumike peleka.

(b) Faili liwe la hati moja. Folda au kabrasha liwe la mkusanyo.

(c) Neno binafsi lisiachwe peke yake. Isemwe jalada la mtumishi, mafaili ya mtumishi mwenyewe, au taarifa binafsi kwa maana ya sheria.

(d) Landanisha litumike kwa mafaili yanayofuatana pande mbili, na nakala ya akiba kwa nakala iliyowekwa kando.

(e) Futa na teketeza zitenganishwe.

Kwa kufuata mapendekezo haya, sentensi yetu ya mfano ingeandikwa hivi: "Nakili folda zako zote kwenye kompyuta mpya. Fungua mafaili kadhaa huko uhakikishe kwamba yanasomeka. Weka nakala ya akiba katika chombo cha tatu. Mafaili yenye taarifa za wanafunzi au wateja mkabidhi mkuu wa ofisi. Ndipo mafaili yaliyomo katika kompyuta ya zamani yateketezwe." Ni ndefu kuliko ya kwanza. Lakini hakuna neno ndani yake lisilojulikana na mhitimu wa shule ya msingi, na hakuna linalomwacha akibahatisha.

Toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004, lilithibitisha kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba inaposema "hamisha", mwenye mafaili anajua yako wapi. Wafasiri, walimu na watumishi wanaoandika maelekezo ya namna hii wanaombwa kutuletea maoni yao pamoja na mifano ya sentensi zinazotumika ofisini mwao, ili istilahi hizi zijadiliwe kabla ya kusanifishwa.